Deni la Zamani na Akonti Mpya: Habari za Kinyamaseke

Katika vikundi vyetu vya akiba hapa Rwamwanja, siku mtu akitamka neno benki, swali la kwanza huwa si faida ni asilimia ngapi, wala tawi liko mbali kiasi gani. Swali la kwanza ni hili: "Jina langu watalikuta na nini huko?" Wengine hata hawaulizi. Wananyamaza, na wiki inayofuata hawaji. Ndugu zetu wa mashirika huandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi hawajafundishwa mambo ya benki. Mimi nimekuwa mwandishi wa kikundi kwa miaka sita sasa, na ninasema kwa heshima: wengi wa watu hawa wanaijua benki kuliko anayewafundisha kwenye semina. Wanaiogopa kwa sababu wanaijua.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Lakini kikundi cha jirani nacho kilikuwa na kufuli tatu, na mwizi hakuhangaika nazo: alibeba sanduku zima. Baada ya hapo sisi watu 28 tukakaa kuamua kama tufungue akonti. Watu 11 walikataa. Nilipozungumza na kila mmoja pembeni, nikakuta 9 kati yao waliwahi kuishi upande wa Kinyamaseke, Bwera au Kasese kabla ya kuja kambini, na kila mmoja aliacha deni huko, kubwa au dogo.

Nami nilikaa Kinyamaseke. Nikapanda gari nikaenda kuwauliza wazee na wafanyabiashara: hii hofu ilianzia wapi? Andiko hili ni majibu niliyorudi nayo, pamoja na yale niliyosoma juu ya historia ya benki za Uganda na za kwetu Kongo. Nikiyakusanya yote napata neno moja. Deni la zamani na akonti mpya ni daftari mbili tofauti. Historia ya pande zile ilizichanganya mpaka watu wakaziona kama moja. Na asiyezitenganisha anapoteza huku na huku: deni linakua bila yeye kujua, na akiba inalala chini ya godoro.

Mji wa njia panda

Kwa asiyepajua: Kinyamaseke ni mji mdogo kwenye barabara kuu inayotoka Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Hapo inachepuka barabara ya Kisinga na Kyarumba inayopanda milimani. Kahawa inashuka kutoka juu, pamba na mahindi vinatoka kwenye tambarare lenye joto, na bidhaa za Kongo zinapita juu ya malori. Ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna Kasindi, na nyuma yake Beni na Butembo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu. Wanasikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo sisi tuliokimbia vita vya upande wa Beni hatukufika kwa wageni, tulifika kwa shangazi na kwa wajomba. Wengi tulikaa miaka bila kuandikishwa na OPM. Tulikodi mashamba, tuliuza sokoni, na tulikopa kama wenyeji wanavyokopa.

Lakini hao wenyeji walianza lini kukopa? Benki ya kwanza ilifika Uganda mwaka 1906, National Bank of India, kule Entebbe. Haikuja kwa ajili ya mkulima. Ilikuja kwa serikali na wafanyabiashara wa pamba. Tanganyika na Kenya, serikali ya mkoloni hata ilitunga sheria za kuzuia Mwafrika asikopeshwe ovyo. Walisema wanamlinda na madeni. Kwa vitendo, mwenye duka aliyejua kwamba hawezi kumdai Mwafrika mahakamani hakumkopesha kabisa. Tukumbuke jambo hili, maana litarudi: mtu asiyeweza kudaiwa, hakuna anayemwamini na mali yake.

Uganda mlango ulianza kufunguka baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1946 ilitoka sheria ya vyama vya ushirika. Mwaka 1950 ikaanzishwa benki ya serikali ya mikopo na akiba kwa ajili ya Waafrika, ambayo mwaka 1965 iligeuzwa kuwa Uganda Commercial Bank, ile watu waliyoiita UCB. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mishahara ya mgodi ikaleta pesa taslimu mahali ambapo watu walizoea kubadilishana chumvi ya Katwe, samaki na vyakula.

Kwa wakulima wa tambarare, hata hivyo, benki ya kweli ilikuwa chama. Muungano wa ushirika wa Nyakatonzi ndio uliokusanya na kuchambua pamba ya Kasese. Mzee mmoja wa Kinyamaseke aliyelima pamba tangu ujana wake alinieleza hivi: "Chama kilikupa mbegu na dawa. Ukileta pamba, wanapima, wanakata deni lao, wanakupa kinachobaki. Ile deni hukuiona sana. Ilikuja na mvua, ikaondoka na pamba."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema. Deni la aina hiyo lilikuwa na sura. Karani alikujua, ulimjua mama yake. Mvua ikikosekana, alikuwepo kuona kwamba mvua imekosekana. Na daftari ya deni ilikuwa ileile ya mavuno: mtu mmoja, kitabu kimoja. Nadhani mazoea ya kuona deni na akiba kuwa kitu kimoja yalianzia hapo, wakati kuviona hivyo kulikuwa halali kabisa.

Pesa zilizokufa mkononi

Halafu pesa zenyewe zikaanza kufa.

Upande wetu wa Kongo, ambayo wakati ule ilikuwa Zaire, serikali ya Mobutu ilitangaza siku za Krismasi ya mwaka 1979 kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, kwa kiwango kilichowekwa, na mipaka ilifungwa. Fikiria mnunuzi wa kahawa wa Butembo, pesa ziko kwenye gunia, benki ya karibu ina foleni ya kilomita. Wazee wa Beni bado wanahesabu umri wa watoto kwa mwaka ule. Baadaye, mwaka 1993, ikaja zaire mpya, na kila moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, na kila franga ikameza zaire mpya 100,000. Aliyekuwa ameweka akiba benki tangu ujana alibaki na karatasi ya kufungia karanga.

Uganda nayo ilikuwa na siku yake. Mwezi Mei 1987 serikali ilibadilisha shilingi: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30 kama kodi ya kubadilisha. Piga hesabu. Mwenye shilingi 1,000 za zamani alipaswa kupata 10 mpya, alipata 7.

Somo ambalo watu wa mpaka walilichukua halikuwa somo la ujinga. Walijifunza kuweka mali kwenye mbuzi, kwenye mabati, kwenye dola, kwenye kahawa kavu, kwenye likelemba ambayo pesa hazilali hata usiku mmoja. Mfanyakazi wa shirika akikuta mama ana mbuzi 6 na hana akonti, asidhani mama huyo hajui kuweka akiba. Historia ya miaka 40 ndiyo inamshauri.

Mkopo uliofanana na zawadi

Baada ya vita vya Uganda kuisha mwaka 1986, serikali mpya ilitaka kumfikia mkulima haraka. UCB ilianzisha mpango wa mikopo ya wakulima wa vijijini mwaka 1987, na mara nyingi mkopo wenyewe ulikuja kama majembe, mapanga na pembejeo. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja Entandikwa. Neno hilo ni la Kiganda, maana yake mtaji wa kuanzia. Pesa za Entandikwa zilifika karibu na uchaguzi wa 1996, na watu wengi nchini walizipokea kama asante ya kura. Marejesho yalikuwa mabaya sana. Mwenye nguvu serikalini hakutaka kumfukuza mpiga kura, na mpiga kura aliona jirani halipi, naye akaacha.

Wakati huohuo vigogo walikuwa wakiizamisha UCB kwa mikopo mikubwa isiyolipwa. Mwaka 1994 serikali ilitunga sheria ya kuunda chombo maalumu cha kukusanya madeni mabovu, watu wakakijua kwa jina la NPART. UCB yenyewe iliuzwa mara moja, mauzo yakaharibika, na mwaka 2002 ikanunuliwa na Stanbic. Mkulima aliyekopa jembe akaamka siku moja anadaiwa na watu ambao hajawahi kuwaona.

Lakini kwa Kasese jeraha lililo wazi zaidi ni la Cooperative Bank, benki ya vyama vya ushirika. Mwezi Mei 1999 Benki Kuu ya Uganda iliifunga. Mwaka uliotangulia ilikuwa imefunga International Credit Bank, na mwaka huohuo wa 1999 ikafunga Greenland Bank. Vyama vya pamba na kahawa vilipoteza benki yao wenyewe. Na vijijini likaenea neno ambalo nimelisikia Kinyamaseke mpaka leo: "Benki ilishakufa, na deni nayo ilishakufa."

Haikufa. Mwaka 2007 madeni ya benki hizo tatu yaliuzwa kwa kampuni moja iitwayo Nile River Acquisition Company. Habari hizo zilijulikana kwa upana pale kamati ya Bunge la Uganda ilipochunguza benki zilizofungwa, mwaka 2018 na 2019. Kamati ilisema madeni hayo yalikwenda kwa punguzo la asilimia 93. Yaani deni la shilingi 100 liliuzwa kwa shilingi 7.

Nilipomsomea mzee wa pamba jambo hili alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na mimi mwenye deni, kwa nini hawakuniuzia mimi kwa hiyo 7?"

Sina jibu la kumpa. Lakini swali lake linatufundisha mambo mawili. La kwanza, deni ni mali ya mtu. Linaweza kuuzwa kama mbuzi, na halifi kwa sababu jengo limefungwa. La pili, bei ya deni la zamani si ile iliyoandikwa juu ya karatasi. Mwenye kulishika mara nyingi yuko tayari kupokea kidogo kuliko kukosa chote. Mkubwa anayajua haya na anayatumia. Mdogo anajificha.

Vidole vinakumbuka

Zamani kujificha kuliwezekana. Ulikopa Bwera kwa jina la baba, ukakopa Kasese kwa jina la ubatizo, ukavuka Kasindi kwa jina la tatu. Mwishoni mwa mwaka 2008 Uganda ilianzisha ofisi ya kumbukumbu za mikopo, inayojulikana kama CRB, na kila mkopaji wa benki alipewa kadi iliyobeba alama za vidole. Baadaye kikaja kitambulisho cha taifa. Tangu hapo kidole kilichokopa Kinyamaseke kinajulikana Kampala.

Ndipo ikaja miaka mibaya. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, mgonjwa wa kwanza akapatikana wilaya yetu ya Kasese, na biashara ya mpakani ikaanza kukohoa. Mwezi Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa watu kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita; mama mwenye beseni la nguo kichwani hakupita. Mwezi Mei mwaka huohuo mito ya Kasese ilivunja kingo zake. Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilibeba mashamba, nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mikopo ya vikundi ilikuwa imechukuliwa mwezi Januari na Februari, wakati soko likiwa zuri. Hakuna aliyekula pesa za mtu. Soko ndilo lililofungwa.

Wengi wa wale 9 wa kikundi chetu wanatoka hapo. Walikopa kwa nia safi, wakakwama, kisha usalama ukawa mbaya, wakaja kambini kuandikishwa. Nyuma yao jina limebaki kwenye daftari ya mkopeshaji.

Kadi yetu na mlango wa benki

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, kutembea na kumiliki mali. Mlango wa benki, hata hivyo, ulichelewa, kwa sababu kila kitu kilihitaji kitambulisho cha taifa. Mwaka 2019 serikali ilikubali kadi ya mkimbizi ya OPM itumike kuandikisha laini ya simu, na hapo pesa za simu zikawa zetu kweli. Mwaka 2020 UGAFODE ilifungua tawi ndani ya Nakivale. Leo kadi ya mkimbizi, picha na barua vinatosha mahali pengi kufungua akonti.

Sasa tufike kwenye swali la mwanzo. Jina langu litakutwa na nini?

Nimeuliza maafisa wa benki tatu tofauti, na majibu yao yalilingana. Mtu akifungua akonti ya akiba, benki inataka kujua yeye ni nani: kadi, picha, anapoishi, kazi yake. Kumbukumbu ya mikopo inafunguliwa pale unapoomba mkopo. Deni la zamani linaweza kukunyima mkopo mpya, na hilo ni haki yao. Lakini lenyewe halikukatazi kuweka akiba. Hizo ndizo daftari mbili nilizosema.

Yako mambo manne, hata hivyo, ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuyajua kabla ya kuweka kidole.

Kwanza, kama deni lako liko kwenye benki ileile unayoenda kufungua akonti, pesa utakazoweka zinaweza kukatwa kulipia deni. Mara nyingi mkataba uliosaini unaruhusu hivyo. Basi lipa au patana nao kwanza, au weka akiba yako kwenye benki nyingine. Ni busara ya kawaida, huwezi kumfunga mbuzi kwenye shamba la unayemdai na kudaiwa.

Pili, hofu ya jela. Wengi wanasema: "Nikipeleka kadi, batanifunga." Uganda mdaiwa anaweza kweli kufungwa jela ya madai, lakini si kwa kuonekana tu dirishani. Lazima mdai apeleke kesi, ashinde, na mahakama itoe amri. Afisa wa benki hana pingu. Ikiwa kuna kesi iliyokwisha kuamuliwa dhidi yako, hilo ni jambo la kwenda kuonana na watu wa msaada wa sheria hapa kambini, na si jambo la kufichwa.

Tatu, miaka. Sheria ya Uganda inampa mdai wa mkataba wa kawaida miaka 6 kwenda mahakamani. Lakini ukisaini karatasi kwamba unakubali deni, au ukilipa hata kidogo, hesabu ya miaka inaanza upya. Sisemi haya ili mtu akimbie deni lake. Nayasema kwa sababu wapo wakusanya madeni wanaokuja na karatasi na kalamu, na mama anasaini asichokisoma. Soma. Kama hujui kusoma, mwite mtoto wa shule.

Nne, wale wakopeshaji wa mitaani wanaoshika kadi. Kanuni za Uganda zinakataza mkopeshaji binafsi kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya ATM kama rehani. Kadi ya familia na ya chakula ndiyo maisha yako hapa. Usiiweke kwa mtu, hata akiwa jirani mwema.

Safari ya mama wa maharage

Mama mmoja wa kikundi chetu, anayeuza maharage hapa sokoni, alikubali nieleze habari yake bila kumtaja jina. Mwaka 2019 alikopa na wenzake 10 kwa mkopeshaji mmoja wa upande wa Bwera, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Sehemu yake aliirejesha karibu yote. Korona ilipofunga mpaka, wawili walivuka Kongo, na kikundi kikaambiwa kiwalipie. Yeye alikuja kambini mwaka 2021. Moyoni mwake alikuwa na deni la shilingi 900,000, maana ndicho kiasi alichosikia kikitajwa siku ya mwisho kwenye mkutano. Miaka yote hiyo hakuweka hata shilingi kwenye simu yake kwa jina lake. Pesa zake zilikaa kwa jina la kijana wake.

Tulikwenda wote wawili. Ofisi ilikuwa imehama, na ilituchukua nusu siku kuipata. Karani alifungua daftari na kutuonyesha: akiba ya pamoja ya kikundi ilikuwa imekatwa zamani kulipia sehemu ya deni, na wenzake waliobaki walilipa nyingine. Lililobaki juu ya jina lake lilikuwa shilingi 310,000. Mama alikaa chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Muda huu wote nilikuwa ninakimbia deni isiyo yangu."

Alilipa kwa awamu tatu. Mara ya mwisho aliomba barua yenye mhuri inayosema hana deni tena, na hakuondoka mpaka akaipata. Nawaomba wote wanaokwenda kulipa wafanye hivyo. Risiti inasema umelipa siku fulani. Barua inasema mambo yamekwisha. Leo ana akonti kwa jina lake mwenyewe.

Si habari zote zinaisha hivyo. Mzee mmoja wa kikundi anadaiwa dola 200 na chama cha akiba na mikopo cha upande wa Beni. Chama hichohicho kilikuwa kimeshika akiba yake ya dola 350 kilipofunga milango. Nani anamdai nani? Aliniuliza hilo mbele ya wote, na hakuna aliyecheka. Ofisi haipo, wenye chama wametawanyika. Kumbukumbu za Kongo hazisomwi kwenye benki ya hapa anapofungua akonti, hivyo deni hilo halimzuii kitu. Lakini yeye hazuiliwi na deni. Anazuiliwa na ile 350. Mtu aliyepoteza akiba kwa watu wenye mhuri, unamwambia nini akiona mhuri mwingine?

Kwa hiyo nina neno kwa ndugu wa mashirika. Mnapokuja na fomu za akonti, mnahesabu ni akonti ngapi zimefunguliwa. Kabla ya siku hiyo, wekeni siku nyingine ya madeni. Mwiteni mtu wa sheria, mtu wa benki na mkalimani, na kila mtu apewe nafasi ya kuuliza faraghani: ninadaiwa na nani, kiasi gani, deni limeandikwa wapi, na je, ni langu? Nusu ya hofu itaisha hapo, kwa sababu nusu ya madeni ni makubwa kichwani kuliko kwenye daftari. Nusu nyingine ni madeni ya kweli, na watu wetu wakielezwa vizuri wanalipa. Mama wa maharage alilipa bila kusukumwa na mtu. Na mkimsikia mtu kama mzee huyu, msimwambie kwamba benki ni salama. Mwambieni ni nani atamrudishia pesa benki ikifungwa, na kiasi gani. Hilo ndilo analotaka kusikia.

Kwa wakaaji wenzangu ninasema mafupi. Mkoloni alisema Mwafrika asikopeshwe, na tukaona kwamba asiyeweza kudaiwa hakuna anayemwamini. Deni lako ni ushahidi kwamba kuna siku mtu alikuamini. Nenda ulitazame kwa macho, upatane nalo kwa kadiri ya uwezo wako, kisha ufungue daftari ya pili.

Kikundi chetu kimefungua akonti kwa sahihi tatu. Kati ya wale 11 waliokataa, 7 wamejiunga. Sanduku bado lipo kwa mikopo midogo ya wiki. Mzee wa dola 350 hajajiunga, lakini anakuja mkutanoni kila Jumamosi, na kitabu chake cha akiba cha Kongo bado kiko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya mkimbizi. Hatumharakishi.